Stelingi Asiyekubali Kuchekwa

Mkesha wa Krismasi, majambazi wawili waliovaa nguo nyekundu na ndevu nyeupe za Baba Krismasi wanavamia benki. Wanatoka na fedha, kumbe gari lao la kutorokea limekwisha kokotwa kwa kuegeshwa pabaya. Wanatimua mbio hadi stesheni ya treni ili wauhifadhi mzigo katika kabati la kukodi. Kabati halipokei ila sarafu. Watu wamebeba fedha za benki na mifukoni hawana hata sarafu moja! Kando yao yuko kijana anayepiga muziki njiani apate riziki, na mbele yake zimelala chenji alizotupiwa na wapita njia. Wanamnyang'anya, naye anaanza kuwafukuza.

Hivyo ndivyo inavyoanza Hold Up Down, picha ya vichekesho iliyotoka Japani mwaka 2005. Ni mwanzo mzuri kweli, wa kumfanya mtu asogeze kiti mbele. Mwongozaji wake ni Hiroyuki Tanaka, anayejulikana zaidi kwa jina la Sabu, na wahusika wakuu ni vijana sita wa kundi la muziki la V6, lililozinduliwa mwaka 1995. Tatizo ni kwamba baada ya mwanzo huo picha inaanza kuhema. Matukio yanazidi kuongezeka huku kicheko kikizidi kupungua: polisi wanaingia, mtu wa dini aliyepoteza njia anaingia, mwanamuziki wa njiani anaonekana kama Yesu, na mwisho wote wanarundikana katika nyumba moja ya wageni wapigane. Kufikia hapo mtazamaji ameshaacha kujali nani kashika ufunguo wa kabati.

Mtu anaweza kusema Sabu hakuwa na kipaji cha kuchekesha. Kazi zake za awali zinakataa. Mwaka 1996 alitoa picha yake ya kwanza kama mwongozaji, Dangan Runner, iliyojengwa juu ya watu watatu wanaokimbizana mjini karibu muda wote. Wa kwanza anataka kuiba benki lakini amesahau kinyago, akaingia dukani kuiba kimoja. Wa pili ni karani wa duka hilo, anayemfukuza. Wa tatu ni jambazi wa genge anayemfukuza karani kwa sababu ya deni la dawa za kulevya. Benki, mbio, sadfa juu ya sadfa: viungo ni vilevile vya Hold Up Down. Na yule karani aliigizwa na mwanamuziki wa kweli, Diamond Yukai, mwimbaji wa roki.

Basi mwanamuziki si kisingizio. Mwongozaji ni yuleyule, mbinu ni zilezile, na mwanamuziki yumo pande zote mbili. Tofauti ni kwamba Diamond Yukai alipewa nafasi ya mwanamuziki aliyeshindwa na maisha, mlevi wa dawa anayeuza dukani, mtu wa kuhurumiwa na kuchekwa kwa wakati mmoja. V6 walipewa nafasi ya kuwa V6.

Hapo ndipo penye mzizi wa swali hili, na swali lenyewe halikai Tokyo peke yake. Biashara ya kuchukua sura inayovuma kwenye muziki na kuibandika kwenye jalada la filamu imefanywa Kinshasa, Dar es Salaam, Kampala na Mombasa, na mazao yake yameuzwa hadi Malindi na vijiji vya bara yake kama Ganda. Watazamaji wa vibanda vya video wana neno lao kwa mhusika mkuu wa picha: stelingi. Na wana kanuni, kwamba stelingi hafi. Katika picha ya ngumi kanuni hiyo ni tamu. Katika vichekesho ni sumu, maana kichekesho kinataka stelingi afe kila baada ya dakika tano: aanguke, aaibike, adanganywe, avuliwe kilemba. Mwimbaji ambaye kazi yake nzima ni kuonekana mzuri hataki hayo, na hata akitaka yeye, wapo waliomwekeza fedha wasiotaka.

Kwa V6 waliowekeza walikuwa Johnny & Associates, wakala wa Tokyo ulioanzishwa mwaka 1962 na Johnny Kitagawa, na kwa miongo kadhaa ukawa kama ndio mlango pekee wa makundi ya vijana wa kiume Japani. Ulilinda sura za vijana wake kwa ukali usio wa kawaida. Hadi mwanzoni mwa 2018 picha zao hazikuruhusiwa kuwekwa ovyo kwenye intaneti, na magazeti yaliyowaweka kwenye jalada yalilazimika kuzifunika sura hizo kwa kivuli cha kijivu kwenye tovuti zao. (Mwaka 2023, miaka minne baada ya Kitagawa kufa, wakala ulikiri hadharani kwamba mwanzilishi huyo aliwadhulumu kingono vijana waliokuwa chini yake. Sura zao zililindwa hivyo, wao wenyewe hawakuwa na wa kuwalinda.) Ni vigumu kudhani kwamba wakala unaoogopa picha moja ya gazeti utamwachia mwandishi wa vichekesho amfanye kijana wao mjinga wa kweli. Katika Hold Up Down wanaanguka, wanapigwa, wananyeshewa na vituko vya kila aina, lakini aibu haiwagandi. Ni aibu ya kuvaa na kuvua.

Halafu kuna hesabu. Kundi lina watu sita na kila mmoja ana mashabiki wake walionunua tiketi kumwona yeye. Mwaka 2003 Sabu alikuwa ameshatengeneza Hard Luck Hero kwa ajili ya kundi hilohilo, na suluhisho lake lilikuwa kuwagawa wawili wawili, jozi tatu zinazokimbia njia tofauti usiku mmoja. Picha ile ni fupi, na ufupi wake uliiokoa. Hold Up Down inajaribu tena kugawa, lakini kwa hadithi ndefu zaidi, na kila mgao unamlazimisha mwandishi aache utani uliokuwa umeanza kuchemka ili akamhudumie mwingine. Vichekesho havigawiki sawa kama nyama ya karamu. Vinataka mtu mmoja au wawili wabebe mzigo wa ujinga na waliobaki wawe ukuta wa kuugongea.

Japani yenyewe ilishalijua hilo zamani. Mwaka 1962 kampuni ya Toho ilitoa Nippon musekinin jidai, picha iliyotoka katika bendi ya Hana Hajime na Crazy Cats. Bendi ilikuwa na wanachama wengi, lakini mzigo wote alitwikwa mmoja, Hitoshi Ueki, aliyeigiza mfanyakazi wa ofisi asiyejali lolote, mwongo, mdandiaji, anayepanda cheo kwa kucheka tu. Picha ilipendwa hata ikazaa nyingine nyingi. Kitu kilichowasaidia ni kwamba Crazy Cats walikuwa wachekeshaji tangu jukwaani. Hawakungoja filamu iwafundishe kuanguka. Waingereza wa The Beatles nao, walipofanya A Hard Day's Night mwaka 1964 chini ya Richard Lester, waliandikiwa na Alun Owen, mwandishi aliyekulia Liverpool kama wao, ambaye alikaa nao kwanza akasikiliza wanavyojibizana. Aliwapa sentensi fupi, kwa kuwa hawakuwa waigizaji, na akaifanya picha nzima kuwa mzaha juu ya umaarufu wao kama kifungo. Upande wa pili wa mizani wako Village People na Can't Stop the Music ya 1980, ambayo ndiyo iliyotwaa tuzo ya kwanza kabisa ya Razzie ya filamu mbovu ya mwaka. Kundi lenye mavazi ya kuchekesha kuliko makundi yote, na picha isiyojua kwamba mavazi yale yanachekesha.

Lakini mfano bora kuliko yote uko karibu zaidi. Mmoja wa waongozaji wa picha hiyo, Ngangura Mweze, alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1950. Mwaka 1987 yeye na Mbelgiji Benoît Lamy walitoa La Vie est belle, na stelingi wakamchagua Papa Wemba.

Ni vyema kukumbuka Papa Wemba alikuwa nani wakati huo. Alipita Zaiko Langa Langa, akaanzisha Viva la Musica mwaka 1977, na zaidi ya sauti yake alijulikana kwa nguo. Vijana wa Kinshasa walioshindana kwa suti na viatu vya Ulaya walimwona kama mfalme wao. Mtu wa namna hiyo, ukimpa mtayarishaji mwenye haraka ya fedha, angempa nafasi ya mwanamuziki tajiri anayegombewa na wanawake wanne. Ngangura na Lamy walimpa nafasi ya Kourou, mtu wa shamba anayekuja mjini na ndoto ya muziki wa umeme, akaishia kuwa mtumishi wa nyumbani. Bosi wake ana klabu, ana fedha, ana mke, na nguvu za kiume zimemwishia. Mganga anamwambia aoe msichana bikira na asimguse kwa siku thelathini. Msichana anayeolewa ni Kabibi, yuleyule aliyemchanganya Kourou akili.

Papa Wemba anafagia, anabeba, anafokewa, anajificha. Kwa muda mrefu wa picha hiyo mfalme wa mavazi hana mavazi. Mtazamaji wa Kinshasa aliyemjua alicheka mara mbili: mara ya kwanza kwa Kourou, mara ya pili kwa kumwona Papa Wemba akiwa Kourou. Ndiyo maana wimbo unapokuja mwishoni unakuwa umelipiwa. Pépé Kallé wa Empire Bakuba yumo pia, na kuwapo kwake hakukuilazimisha hadithi imgawie nusu. Wapo waliolalamika kwamba picha iliuonyesha umaskini wa Zaire kama sherehe, na hoja hiyo ina uzito wake. Kama kichekesho, hata hivyo, bado inafanya kazi, na Papa Wemba aliendelea kukumbukwa kwa Kourou hadi alipoanguka jukwaani Abidjan na kufa, Aprili 24, 2016.

Kwa watu wa Pwani somo hilo lilikuwa limeshapita machoni pao kabla ya Papa Wemba, kwa Kihindi. Sinema za Mombasa kama Regal na Naaz ziliishi kwa picha za Bombay, na miongoni mwa sura zilizopendwa ni Kishore Kumar. Huyu aliimba kwa niaba ya mastaa wengi waliokuwa wakifungua midomo tu. Mwaka 1958 aliigiza na ndugu zake wawili, Ashok na Anoop, katika Chalti Ka Naam Gaadi, vichekesho vya mafundi gari. Mwaka 1968, katika Padosan, aliigiza mwalimu mwenye nywele ovyo na tambuu mdomoni, anayemsaidia kijana asiyejua kuimba kumvuta binti wa jirani: kijana anasimama dirishani akifungua mdomo, Kishore amejificha nyuma yake akiimba. Ni mzaha juu ya kazi yake mwenyewe. Aliichukua siri ya biashara iliyomlisha akaifanya kichekesho, na mpinzani wake wa kuimba akawa Mehmood, mchekeshaji wa kazi hiyo hasa. Nani leo, katika waimbaji wa Afrika Mashariki wanaotumia vifaa vya kunyoosha sauti studioni, angekubali kufanya picha kuhusu hilo?

Tanzania ilianza na mtindo mwingine. Mwaka 2003 George Tyson aliongoza Girlfriend, akampa nafasi kubwa TID, aliyekuwa akivuma kwenye Bongo Fleva, pamoja na Monalisa. Haikuwa ya vichekesho. Ilikuwa ya mapenzi na muziki, na ilithibitisha jambo moja kwa wafanyabiashara wa Kariakoo: sura ya mwimbaji inauza kanda. Tangu hapo soko la Bongo Movie lilijengwa juu ya jalada. Kanda, baadaye diski, zilitoka kwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila moja na bei yake, na wasambazaji kama Steps Entertainment walihitaji mtu ambaye mnunuzi atamtambua dukani kabla ya kuuliza hadithi inahusu nini. Zilivuka mpaka wa Lungalunga zikafika Mombasa, Kilifi na Malindi, halali na za kunakiliwa.

Katika mfumo huo kichekesho kina hasara ya pekee. Mchezo wa huzuni unaweza kuvutwa uenee diski mbili: mtu akilia dakika tatu zaidi hakuna aliyeumia. Mzaha ukivutwa unakufa. Na bado wanamuziki waliingizwa humo kwa wingi, dakika tano hapa, dakika kumi pale, wakisimama kando ya gari la kuazima na kusema maneno ambayo ni dhahiri waliyabuni papo hapo. Watazamaji walizijua picha hizo kwa dalili: mwimbaji hakai chini, havui miwani, na hakuna anayemjibu vibaya.

Ila Tanga ilitoa jibu. Mchekeshaji Amri Athuman, aliyejulikana kama King Majuto, alizaliwa huko mwaka 1948 na kufariki Agosti 8, 2018. Kiswahili chake cha mwambao kilieleweka Vanga, Likoni na Malindi bila tafsiri wala jitihada, na hilo lilimfanya mzee wa nyumbani hata kwa watu wasiowahi kukanyaga Tanzania. Katika miaka yake ya baadaye alikuwa akicheza na kijana wa mkoa huohuo, Hussein Mkiety, aliyejiita Sharo Milionea. Sharo alikuwa mchekeshaji na pia aliimba Bongo Fleva. Wakati ule vijana wa mjini walikuwa wamekumbwa na mtindo wa usharobaro, wa suruali za kubana, mwendo wa kujidai na Kiswahili kilichopindwa kidogo. Mwimbaji wa kawaida angeigiza sharobaro anayependwa. Sharo Milionea aliigiza sharobaro asiye na nauli.

Kila alipoingia na mbwembwe zake, Majuto alikuwa pale kama baba au mjomba au mzee wa mtaa, tayari kumshusha. Nguo zilezile ambazo kwenye video ya muziki zingempa heshima, hapa zilimpa kipigo. Alijua kwamba mtindo wake unachekesha, akautumia kabla wengine hawajautumia kumcheka. Alifariki katika ajali ya gari Muheza, Novemba 26, 2012, akiwa bado kijana, na hakuna aliyechukua nafasi ile vizuri hivyo. Waliofuata wengi walikwenda kinyume: walianza na vichekesho, wakahamia kuimba, na mara walipohamia wakaanza kujichunga.

Pengine hilo si ajabu kwa jinsi burudani ilivyopangwa kwetu. Katika maonyesho ya vikundi vya Tanzania kama Muungano na TOT miaka ya 1990, jioni moja ilikuwa na ngoma, taarabu, sarakasi, maigizo na vichekesho, lakini kila kazi ilikuwa na watu wake. Malkia wa taarabu alipanda, akatunzwa, akashuka na hadhi yake. Mchekeshaji alipanda na suruali iliyochanika. Kenya mpangilio haukuwa mbali: Mzee Ojwang na Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi walikuwa wachekeshaji wa kazi hiyo, na wanamuziki walibaki kwenye muziki. Filamu ndiyo iliyovunja ukuta huo kwa sababu za mauzo, bila kumfundisha malkia jinsi ya kuanguka. Siti Amina wa Siti and the Band alivuka vizuri alipoigiza Mwajuma katika Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, lakini ile ni picha ya mapenzi na siasa za Zanzibar ya kikoloni, na mwongozaji alimpa mhusika aliyekuwa tayari hai katika riwaya ya Adam Shafi. Hakuombwa awe Siti Amina.

Kuna watu wengine wa kufikiriwa katika uchambuzi huu, nao hawamo kwenye filamu yenyewe. DJ Afro wa Kenya, kama Lufufu wa Tanzania kabla yake, amewazoesha watazamaji kusikia picha za kigeni zikisimuliwa upya kwa Kiswahili na Sheng, mhusika akipewa jina la mtaani na ugomvi ukipewa sababu mpya. Uganda, Isaac Nabwana wa Wakaliga aliingiza sauti hiyo ndani ya picha yake mwenyewe: katika Who Killed Captain Alex? ya 2010, VJ Emmie anapiga kelele juu ya filamu ya vita, anawatania waigizaji, anaitangaza picha anayoisimulia. Hold Up Down mikononi mwa msimuliaji wa aina hiyo ingeweza kupona. Angefanya lile ambalo wakala wa Tokyo haukuruhusu: angewacheka wale vijana sita usoni, kwa majina. Kibandani hakuna anayejua wala kujali kwamba ni mastaa.

Na Pwani ya Kenya yenyewe? Tamthilia zipo. Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan imeleta lafudhi ya Pwani kwenye televisheni inayoonekana nchi nzima kwa Maria, Zora na Sultana, na zimependwa kwa mapenzi na fitina zaidi ya vicheko. Filamu ya vichekesho iliyobebwa na kundi la muziki la huku bado haijapata jina la kutajwa, ingawa malighafi imelala wazi. Them Mushrooms walianza kama Avenida Success mwaka 1969, wakabadili jina mwaka 1972. Kiini chao kilikuwa ndugu wa ukoo wa Harrison, wenye asili ya Kaloleni, Kilifi, na walipata riziki kwa kupigia watalii muziki katika hoteli za Pwani. Wimbo wao wa 1982, Jambo Bwana, ulitokana na maisha hayo, na mwaka uliofuata Boney M wakatoa toleo lao. Ndugu wa baba mmoja katika bendi moja, meneja wa hoteli, wageni wanaobadilika kila wiki mbili na wanamuziki wanaolazimika kuwasalimu kwa furaha ileile kila jioni: mwandishi yeyote wa vichekesho angelipa fedha apewe kisa hicho.

Hatari yake inajulikana pia. Mtayarishaji atatafuta waimbaji watano wanaovuma, wenye wafuasi wengi mtandaoni, na kila mmoja atadai wimbo wake, mpenzi wake na sekunde zake kwenye tangazo. Hoteli itageuka kasri. Mkoba wa gitaa utakuwa mpya. Na ile nafasi muhimu kuliko zote, ya ndugu mdogo asiyejua kupiga ala yoyote, aliyewekwa nyuma atikise kayamba na kutabasamu, atapewa mtu asiye na jina, ambaye huenda ndiye pekee atakayechekesha.